Nimeweka cheni mpya lakini inaruka nikipanda mlima, fundi anasema nibadili kila kitu

mpanda_meru

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua baiskeli maana hapa nimekwama na hela yenyewe ni ya kuhesabu. Septemba 2025 niliangalia yale mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, ndiyo mara ya kwanza yanakuja Afrika, yakaniingia kabisa, haikupita hata mwezi nikanunua mauntenibaiki ya mtumba hapa Arusha kwa laki tatu na nusu. Ni rimu 26, fremu ya alumini, giya 8 nyuma na 3 mbele, shokapu mbele, breki ni zile za kubana rimu. Nakaa Sakina, kazini ni Usa River, siku tatu kwa wiki naenda nayo, na Jumamosi napanda njia za vumbi za kule juu Ilboru.

Sasa cheni niliyoikuta nayo ilikuwa chafu na ina kutu, nikasema ngoja niiheshimu baiskeli, nikanunua cheni mpya ya giya 8 elfu 38, fundi akanifungia. Tangu siku ile nikiwa kwenye giya ya nne au ya tano nyuma, nikisimama nikanyage kwa nguvu kwenye mlima, cheni inaruka KAA! mguu unaenda hewani, juzi goti limegonga usukani nikakaa chini barabarani dakika kumi nzima. Giya zingine zote iko sawa kabisa. Na cheni ya zamani haikuwa inaruka hata siku moja!! ndicho kinachonichanganya, kitu kipya kinaleta shida ambayo kuukuu haikuwa nayo.

Fundi kakaza waya wa giya mara tatu, haikusaidia, sasa anasema nibadili mfumo wote, yaani cheni tena, meno ya nyuma, sproketi zote tatu za mbele na direla (kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni), laki moja na themanini. Je ni kweli?

Na la pili, kuna mtu anauza baiskeli ya resi, fremu 54, rimu 700 na tairi zile nyembamba, anataka laki sita na nusu. Nina urefu wa sentimita 172 na kilo 80. Niuze hii nichukue ile? Maana safari zangu nyingi ni lami.

spoki_36

Mkuu pole na goti. Usitoe hiyo laki na themanini kwanza, na wala usiseme fundi ni tapeli, mafundi wengi wamekulia kwenye baiskeli za giya moja za Phoenix na Avon ambako cheni ikichoka unaona kwa macho, huku kwenye giya nyingi inabidi upime.

Hiyo cheni yako mpya haina kosa. Iko hivi, cheni ikitumika haivutiki kama mpira ila zile pini na bushi zake zinalika kidogo kidogo, kila kiungo kinaongezeka unywele, na viungo viko zaidi ya mia kwa hiyo cheni nzima inarefuka. Na meno ya nyuma nayo yanalika yakiifuata cheni hiyohiyo, yanaachana kadiri ile cheni ilivyorefuka, wanazeeka pamoja kama mtu na mkewe, wanaelewana. Wewe umemtoa mmoja ukaleta kijana, kijana ana vipimo sahihi, meno yamekwisha umbo, ukikanyaga kwa nguvu cheni inapanda juu ya jino badala ya kukaa bondeni, inaruka. Inaruka giya ya nne na ya tano kwa sababu ndizo unazozitumia kila siku. Waya ungekuwa ndio mbovu ungesikia kelele na kusitasita karibu giya zote.

Cheni ya zamani unayo bado? Kama hujaitupa nenda kaichukue, iwe imening'inia imenyooka, tafuta rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Cheni mpya ya aina yoyote ya giya, katikati ya pini nyingine kunaangukia palepale kwenye alama ya inchi 12, ukipenda milimita basi ni 304.8. Ikiwa imepita kama milimita moja na nusu, ulitakiwa ubadili cheni peke yake na meno yangepona. Ikiwa imepita milimita tatu basi meno ya nyuma nayo yameondoka. Pima ulete jibu hapa.

Angalia pia kitu kingine, cheni mpya inaweza kuwa na kiungo kimoja kigumu pale fundi alipoungia. Zungusha pedali kinyumenyume polepole uangalie kwenye direla, kiungo kigumu utakiona kinaruka kidogo kikipita. Lakini hicho kingekusumbua giya zote na kwa mpangilio, kila ukizungusha pedali mara mbili tatu hivi.

bi_upepo

Assalamu alaykum. Mie niko Unguja, naendesha mwaka wa tisa sasa, na mie naongeza hapo kwa spoki_36 ila si kila kitu nakubaliana nae.

Kama cheni kuukuu na meno makuukuu vilikuwa vinakwenda pamoja bila kuruka, kwa nini mtu asivirudishe vyote vimalize umri wao? Rudisha cheni yako ya zamani, isafishe vizuri, tumia mpaka ianze kuruka ndo ubadili cheni na meno kwa pamoja. Ile mpya ifunge kwenye nailoni iweke. Huku kwetu vifaa vya giya 8 na 9 mara nyingi tunavuka navyo Dar, hela ya leo unaisogeza mbele miezi mitano sita, si haba. Mie nimefanya hivyo mara mbili.

Kutu ya juu tu si maradhi makubwa. Huku chumvi ya bahari ukiiacha baiskeli barazani usiku mmoja bila mafuta, asubuhi cheni ina rangi ya chungwa. Futa kwa kitambaa chenye mafuta, maisha yanaendelea. La kuogopa ni kile kiungo kilichokaza na hakikunji.

spoki_36

Bi upepo waalaykum salaam, nakuelewa dada yangu, na kwa mtu wa tambarare ya Unguja ningemshauri hivyohivyo. Ila huyu anapanda Ilboru kwa kusimama juu ya pedali na kilo 80. Cheni iliyolika sana inaendelea kula na sproketi za mbele, na hizo mbele ndizo ghali. Hasa ile ya kati. Na cheni iliyochoka siku ikikatika mlimani si goti tena, ni meno ya mdomoni.

limuru_asubuhi

Niaje wasee, mimi niko Nairobi upande wa Kikuyu, huku ndiko Chris Froome alifunzwa na David Kinjah akiwa kijana kabla ashinde Tour de France mara nne, kwa hivyo ukiamka mapema wikendi hapa utapata watu wa baiskeli barabarani na utajifunza kitu.

Boss mimi nakuuliza swali moja kabla ununue chochote, nyuma uko na friwili ama kaseti? Kwa sababu watu huambiwa wanunue moja na walikuwa wanahitaji ile ingine, na duka haikubali kurudishiwa. Friwili ni ile meno na mashine yake ya kuzunguka ni kitu kimoja, inajifunga kwa habu (ile katikati ya gurudumu) kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa. Kaseti ni meno peke yake, inateleza kwa habu iliyo na mifereji halafu inakazwa na ringi kwa nje. Toa gurudumu, shika, zungusha meno kinyumenyume kwa kidole. Angalia pale katikati mahali spana ya meno madogo huingia. Kama hiyo sehemu inazunguka pamoja na meno, ni kaseti. Kama imesimama na meno peke yake ndiyo yanazunguka, hiyo ni friwili. Giya 7 kwenda chini mara nyingi ni friwili, 8 inaweza kuwa yoyote.

Kwa kufungua, friwili hukazwa na kila pedali unayopiga kwa hivyo huwa ngumu ajabu, unahitaji kifaa chake cha kuingia pale katikati, ukifunge kwa vaisi na uzungushe gurudumu lenyewe kama usukani wa lori. Kaseti nayo inataka kifaa cha ringi na kitu cha kushika meno yasizunguke. Hicho cha kushika usinunue, ile cheni yako mzee kata kipande, ifunge na bolti mbili kwa bapa la chuma la urefu wa mkono, kazi imeisha. Mimi nimetumia hiyo kwa miaka na haijawahi nikosea.

Na sproketi za mbele usikubali zibadilishwe zote tatu bila kuangalia. Jino zima liko na kilele butu na pande mbili zinafanana. Jino limekwisha likianza kulala upande mmoja kama ndoano ama pezi la papa, hapo badilisha. Direla mpya sioni hata sababu. Hakikisha tu ukiangalia kwa nyuma kile kipande kidogo kinachoshikilia direla kwa fremu hakijapinda kuingia ndani, baiskeli ikianguka upande wa kulia hicho ndicho hupinda kwanza, na kikipinda hata ukaze waya mpaka Krismasi giya hazitakaa.

mpanda_meru

Wakuu asanteni sana, kweli nimejifunza kwa siku moja zaidi ya mwaka mzima. Cheni nilikuwa nimeitupa nyuma ya banda la kuku nimeipata. Nimening'iniza kwenye msumari nikapima mara nne sehemu tofauti. Pini imepita inchi ya 12 kwa milimita tatu na nusu hivi, sehemu moja karibu nne!! Nimepima na mpya kuhakikisha rula haidanganyi, mpya imeangukia palepale.

Gurudumu nimetoa, katikati panazunguka na meno, kwa hiyo ni kaseti. Sproketi ya kati mbele inaanza kulala kidogo sana, zingine mbili ziko safi. Kile kipande cha direla naona kimenyooka. Kiungo kigumu hakuna.

Kuna duka wana kaseti ya giya 8, ndogo ina meno 11 na kubwa 32, elfu 55. Nachukua. Na ile baiskeli ya resi vipi, mbona hamjaigusa?

spoki_36

Milimita tatu na nusu, basi hakuna mjadala, chukua kaseti tu. Sproketi ya kati iache, ukisikia cheni inang'ang'ania jino kwa chini haitaki kuachia ndo uibadili. Elfu 55 badala ya laki na themanini. Ila kabla hujalipa hesabu meno ya sproketi kubwa kwenye ile kaseti uliyonayo sasa, kama ni 32 au 34 sawa, kama ni 28 direla yako inaweza kuwa ile ya mkono mfupi ikashindwa kubeba.

Kuanzia sasa nunua rula ikae na pampu, pima kila mwezi. Cheni ya elfu 38 ikibadilishwa mapema inaokoa kaseti mara mbili tatu. Na vumbi la huko kwenu, ile nyekundu nyepesi, ikichanganyika na oili inakuwa msasa. Usipake oili chafu ya injini, naona wengi wanafanya, ile ina vyuma vilivyosagika. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kausha kabisa, tia tone moja moja kwenye kila rola (vile vidude vya mviringo vinavyokaa kwenye meno) upande wa ndani wa cheni, zungusha, halafu FUTA nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Mafuta yanatakiwa ndani ya rola, nje yanakusanya vumbi tu. Kama huna mafuta ya baiskeli, ya cherehani yanafaa ila ni mepesi, utarudia mara nyingi, hasa mvua ikinyesha.

bi_upepo

Haya mie nimekubali, milimita tatu na nusu ni nyingi, hapo hata mie ningebadili.

Kuhusu ile ya resi, kaka usiuze kwanza. Hiyo mauntenibaiki yako kinachokuchelewesha kwenye lami ni tairi. Zile zenye vibonge zinavuma kama nyuki, kila kibonge kinakula nguvu yako. Tafuta tairi laini za 26 kwa 1.5, utie upepo paundi 55 mpaka 60 ukiangalia ubavu wa tairi umeandikwa mwisho ngapi, utaona kama umebadilisha baiskeli. Zile za vibonge ziweke, Jumamosi ukipanda vumbi unabadili, nusu saa ya kazi.

Lakini TAFADHALI ukienda kununua usimwambie muuzaji nataka tairi 26 ukaondoka. Hili limenila hela yangu mwenyewe. 26 ziko nyingi. Ya mauntenibaiki rimu yake ni milimita 559, na zile baiskeli za kikapu zinazokuja mtumba kutoka Japani zimeandikwa 26 kwa 1 3/8, hiyo rimu ni 590. Zote 26, tofauti milimita 31, haingii hata uivute na watu watatu. Na Phoenix ile ya 28 ni 635, wakati 700 ya resi ni 622, na 622 hiyohiyo ndiyo 29 ya mauntenibaiki! Majina ya inchi yasikupoteze, soma ile namba ndogo iliyoandikwa mfano 40-559, ya kwanza unene, ya pili ndo rimu.

limuru_asubuhi

Bi upepo amesema kweli tupu kwa hizo tairi. Lakini mimi siwezi mwambia mtu asinunue baiskeli ya resi kama roho inataka na pesa iko. Siku utatoka Usa River uende mpaka Moshi na urudi utaelewa, na hiyo shokapu ya bei ya chini ni chuma kizito ya kubeba bure kwa lami, ukisimama kwa pedali nguvu ingine inaenda kuchezesha springi.

Fremu 54 kwa sentimita 172 iko sawa, lakini ipande kwanza kilomita chache, ukihisi unanyooka sana kufikia usukani achana nayo. Haya ndiyo mimi huangalia kabla ya rangi. Pindua baiskeli, pitisha kidole chini ya bomba la mbele pale linapokutana na shingo, rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ama kuvimba hapo inamaanisha iligonga kitu. Alumini ikipasuka usidanganywe itachomelewa, ikichomwa inapoteza ugumu wake na itapasukia kando. Chuma ndiyo fundi wa mtaa anaweza chomelea vizuri. Shika breki ya mbele uisukume baiskeli mbele nyuma, ukisikia ikigonga ni beringi za shingo. Shika mikono ya pedali uitingishe kuelekea fremu, ikicheza ni beringi za kati. Legeza siti uone kama bomba lake linapanda na kushuka, likiwa limegandia ndani usinunue, nimeona watu wakilikata na msumeno. Halafu rimu, kama breki ni za kubana, gusa pale mpira unagusa, ikiwa na shimo kama sahani hiyo rimu imekonda na siku moja itapasuka na upepo.

Na tairi, uliza fremu inaweza beba unene gani. Za 23 kwa kilo 80 kwa barabara iko na mawe pembeni utaziba pancha mpaka uchoke. Ikiingia 28 ndiyo nzuri, unaweka upepo paundi 75 hivi, inakimbia na haikuvunji mgongo.

spoki_36

Na aipime cheni yake kwa rula palepale mbele ya muuzaji. Ukikuta milimita tatu, toa bei ya cheni na kaseti kwenye hiyo laki sita na nusu. Kama ni giya 10 au 11 kaseti zake si elfu 55 hizo. Na namba iko chini ya fremu pale pedali zinapokutana, ikiwa imekwanguliwa ondoka. Isipokwanguliwa mwandikishiane kwa mjumbe na namba iandikwe, baiskeli za wizi ni nyingi.

mpanda_meru

Wakuu nimerudi. Kaseti niliyokuwa nayo ilikuwa na 32 vilevile, nimenunua, nimekata kipande cha cheni nikafunga kwenye bapa la chuma kama ulivyosema limuru_asubuhi, kifaa cha ringi nimeazima kwa jamaa, nimefungua mwenyewe. Nilipoiweka ya zamani na mpya pamoja mezani nikaona, jino la giya ya nne na ya tano yale mabonde yamepanuka kabisa, na fundi nilimpelekea akaziangalia muda mrefu akaniomba ile cheni kuukuu na rula awe anawaonyesha wateja. Nimempa.

Jana nimepanda Ilboru giya ya nne, nimesimama, nikakanyaga kwa nguvu zote, kimya. Haijaruka hata mara moja mpaka juu.

Ile ya resi nimeenda kuiona, namba ipo, siti inapanda na kushuka, lakini chini ya bomba la mbele karibu na shingo kuna mstari wa rangi uliopasuka kama sentimita mbili, jamaa anasema ni mkwaruzo wa kwenye kontena. Nimemshukuru nikaondoka. Nimeagiza tairi laini, nimeandika 40-559 kwenye karatasi.

Kitu kimoja, nilitaka kubadili na pedali nimalize, ya kulia imefunguka vizuri, ya kushoto imegoma kabisa, nimening'inia juu ya spana lakini haisogei. Niipashe moto?

limuru_asubuhi

Simama hapo hapo usipashe! Pedali ya kushoto nyuzi zake zimegeuzwa, inafunguka ukizungusha kwa saa, wewe umekuwa ukiikaza. Kuna fundi aliniharibia mkono mzima wa pedali hivyo, akazing'oa nyuzi za alumini zote. Tia mafuta yapenyeze kwa usiku mmoja, kesho weka spana ikiwa imeelekea juu uisukume kuelekea nyuma ya baiskeli, itaachia. Na ukirudisha mpya paka grisi kwa nyuzi, uanze na vidole kwanza mizunguko mitatu kabla ya spana.